Nusu Saa Niliyoiomba Kilimani

Baba mkwe wangu alikubali kunisindikiza kilimani bila kunitazama. Alikuwa ameketi nje ya nyumba yake, jua la Sabato limekwisha kutua, na mimi nilikuwa nimesimama karibu na jiko la mama mkwe, begi la kamera mgongoni, nikieleza kwa mara ya tatu kwamba lazima niende usiku ule. Mume wangu ndiye aliyepaswa kwenda nami. Yeye ni tabibu katika hospitali moja ya Nyamira, na jioni ile alikuwa amepigiwa simu kwamba mwenzake wa zamu ameugua. Aliondoka akiniomba tuahirishe. Mama mkwe naye akasema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyefunga mjadala.

"Mwanamke hapandi kile kilima usiku peke yake."

"Nitaenda na yeye," sauti ikasema kutoka kwenye kiti.

Hata mama mkwe aliacha kuchambua mboga.

Nieleze kwa nini. Mimi ni Mkisii, lakini nililelewa Nakuru na wazazi waliozungumza Kiswahili nyumbani, kwa hiyo mambo ya ensoni nilifundishwa nikiwa mtu mzima. Ensoni ni ile heshima yenye haya ndani yake, inayomweka mkwe mbali na mkwe. Baba mkwe hanisalimii kwa mkono. Siketi kwenye kiti chake. Nyumba yetu haingii, hata mvua ikimkuta mlangoni. Husimama nje, akasema alilokuja kusema, akarudi kwake. Katika miaka tisa ya ndoa yangu hatukuwahi kuwa wawili tu mahali pamoja. Tukikutana kwenye njia ya kwenda mtoni, mmoja wetu hupinda na kupita kwenye majani chai.

Kwa nini basi sikuahirisha? Kwa sababu nilikuwa nimengoja miezi mitatu. Nina studio ndogo mjini Kisii, ghorofa ya pili, upande wa barabara inayoteremka kwenda Daraja Mbili. Kazi yangu ni harusi na mazishi, na mazishi ni mengi zaidi. Taa za mji zimemeza nyota zote. Lakini usiku mmoja, mwaka nilioolewa huku Ikonge, umeme ulipotea, nikatoka nje kumwaga maji, nikainua macho. Sikurudi ndani mpaka mume wangu alipokuja kunitafuta, beseni bado liko mkononi.

Tangu siku hiyo nilitaka kuipiga picha ile anga ikitembea. Vijana wa studio huiita taimlapsi: unaiweka kamera kwenye stendi, inapiga picha moja kila nusu dakika, saa baada ya saa, kisha unaziunganisha, na kazi ya usiku mzima inakuwa filamu ya sekunde chache ambamo nyota zinapanda na kushuka. Nyumbani nilijaribu nikashindwa. Kulikuwa na mikaratusi ya jirani, taa za ulinzi, na ukungu unaotoka bondeni. Ilibaki juu ya kilima. Mwezi wa saba Njia ya Maziwa husimama juu vizuri, na usiku ule mwezi haukuwepo kabisa. Baada ya wiki nzima ya mvua, anga ilikuwa imefunguka. Niliona kama nimepewa.

Tulipanda yeye mbele, mimi nyuma. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja, karani mstaafu wa kituo cha kupimia majani chai, na goti lake la kulia lilimsumbua, lakini hakupumzika hata mara moja. Mkono mmoja panga, mkono mwingine mwavuli mweusi. Katikati ya njia tulimulikwa tochi usoni.

"Nani hao?" mwanamume aliuliza, na nyuma yake nikasikia watu wengine wakisimama.

Kwetu mtu anayekutwa akipanda mlima usiku ana maswali ya kujibu, na si kila mara watu hungoja majibu. Baba mkwe hakupunguza mwendo.

"Ni mimi. Niko na mtoto wangu. Tunaenda kupiga picha ya nyota."

Kisha mtu akacheka, wakamtambua, wakamwamkia, wakatupisha. Hakuwa amewahi kuniita mtoto wake.

Juu kabisa kuna mwamba mpana na mkaratusi mmoja mkubwa uliobaki wakati mingine ilipokatwa. Niliisimamisha stendi mbali kidogo na mti, nikaelekeza lenzi kusini, nikaanza saa mbili unusu. Yeye alichagua jiwe lililokuwa hatua kama kumi kutoka kwangu, akaketi amenipa mgongo. Nikajua ndivyo tutakavyokaa.

Nyota zilikuwa nyingi mno. Nge, lile kundi la nyota, alikuwa amelala juu yetu na mkia wake umejikunja, na ile Njia ya Maziwa ilianza kuonekana, kwanza kama moshi, baadaye kama unga uliomwagika. Kamera ililia kila nusu dakika. Baridi iliingia viatuni.

Ilipita karibu saa nzima kabla hajasema neno.

"Inapiga?"

"Inapiga, tata." Tata ni baba, kwa Kikisii, ni neno nililolijua vizuri.

"Na wewe unafanya nini?"

"Ninangoja."

"Hii ni kazi ya kungoja." Alisema hivyo bila kugeuka. Baada ya muda akaongeza, "Sisi tulilinda wimbi, zamani. Tulilala kwenye kibanda shambani, nguruwe wasije. Nyota fulani ikifika juu ya mti, unaamsha mwenzako. Sasa sikumbuki ni gani."

Nilitaka kumuuliza zaidi, nikaona haya. Nilifikiri tungekuwa na nafasi nyingine.

Umeme wa kwanza niliuona magharibi, chini sana, upande wa ziwa. Haukuwa na sauti. Wingu moja lilijaa mwanga kwa ndani likazimika. Nilifurahi. Niliwaza jinsi utakavyoonekana kwenye filamu, nyota juu na ziwa likiwaka pembeni, na nikasogeza lenzi kidogo ili uingie.

"Tushuke," alisema.

Nilitazama saa. Ilikuwa saa nne na dakika thelathini na tano. Ile njia nyeupe ilikuwa inakaribia kusimama wima juu ya bonde. Ndiyo picha niliyokuwa nimeingoja miezi mitatu.

"Iko mbali, tata. Iko juu ya ziwa."

"Ya ziwa huja."

"Nusu saa tu. Nakuomba. Nusu saa, halafu tushuke."

Niliuona mgongo wake ukitulia tena kwenye jiwe. Angekuwa mwanawe angemfokea, angemnyang'anya stendi na kuikunja kwa mikono yake. Mimi alinistahi. Hakujua namna ya kumwinulia sauti mke wa mwanawe, usiku, mahali pasipo na mtu wa tatu. Na mimi nilijua hivyo. Naandika jambo hili kwa sababu nimelikwepa mara nyingi: nilijua hawezi kunikataza, nikaitumia heshima yake.

Dakika ishirini zikapita. Ngurumo ilianza kusikika, nzito, ya mbali. Nilihesabu kati ya mwanga na sauti, nikafika thelathini. Nikajiambia bado. Kisha upepo ukageuka ghafla. Ulikuwa ukitoka mashariki. Sasa ulitoka ziwani, wa baridi, wenye harufu ya udongo uliolowa. Nyota za magharibi zilikuwa zimekwisha. Hazikufifia, zilifutwa, na mstari wa giza ulikuwa ukipanda juu yetu kwa haraka ambayo sikuitegemea. Nilihesabu tena. Kumi. Nikaanza kufunga begi. Vidole vilikuwa vimekufa ganzi, na skrubu ya kuifungua kamera ikakataa.

"Mama," alisema. Alikuwa amesimama.

"Nakuja, tata. Imekwama."

Mwanga. Nikafika nne.

Ndipo niliposikia stendi ikilia. Sauti nyembamba, kama nyuki aliyenaswa ndani ya chupa. Nilidhani ni kamera. Kisha nywele za mikono yangu zikasimama zote, na za kichwani zikavuta kitambaa, na nikashindwa kuelewa mwili wangu unafanya nini.

"Wacha hiyo chuma!" Alikuwa amegeuka. Alinitazama usoni, kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, na alikuwa akipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Wacha! Lala chini! Lala!"

Niliiachia. Nilijitupa pembeni, nikaanguka kwa magoti. Nilimwona akija kwangu akichechemea, mwavuli bado mkononi, mti ukiwa nyuma yake.

Sikusikia kitu. Watu huniuliza ililia vipi, na mimi sijui. Palikuwa na weupe, halafu palikuwa na harufu ya gome lililoungua, na uso wangu ulikuwa umelala kwenye nyasi. Masikio yalipiga mluzi. Mvua ilianza yote kwa pamoja.

Nilitambaa. Mkaratusi ulikuwa umepasuliwa kutoka juu hadi chini, mbao nyeupe ikionekana. Yeye alikuwa amelala chali, hatua tano kutoka pale. Kiatu kimoja hakikuwepo. Nilimwita. Nilimwita tata, nikamwita babu kama wanavyomwita wanangu, nikamwita kwa jina lake, ambalo sikuwahi kulitamka na silitamki tena. Niliweka shavu langu karibu na mdomo wake. Hakuna pumzi. Niliweka vidole shingoni. Hakuna.

Miezi michache kabla, kikundi cha kanisa kilikuwa kimenikodi kupiga filamu ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Siku yenyewe sikusikiliza. Nilikuwa nahangaika na taa. Lakini filamu huhaririwa, na kuihariri ni kuona kitu kilekile mara arobaini. Mkufunzi yule na mwanasesere wake wa plastiki walikuwa wamekaa kichwani mwangu kama wimbo mbaya. Katikati ya kifua. Mkono juu ya mkono. Bonyeza kwa nguvu, upesi. Thelathini, kisha pumzi mbili.

Nililifungua koti lake. Vifungo vya shati vilikataa nikavirarua. Nikapandisha fulana. Kifua cha mzee, cheupe kwa nywele, kikilowa mvua. Mikono yangu ilisita. Nasema kweli: ilisita. Hata pale, na mtu amelala hana uhai mbele yangu, kuna kitu kilichoniambia kwamba sipaswi kukiona kifua hiki. Labda ilikuwa sekunde moja. Huwa naamka nayo.

Kisha nikabonyeza. Nilihesabu kwa sauti, nikipiga kelele ili nijisikie juu ya mvua. Kwenye thelathini nikainua kidevu chake, nikabana pua, nikaweka mdomo wangu kwenye mdomo wake na kupuliza. Nikarudi kifuani. Kitu kilikatika chini ya viganja vyangu, nadhani mbavu, sikuacha. Radi iliendelea kupiga, sasa upande wa mashariki, na kila mwanga ulinionyesha uso wake ukiwa vilevile. Mzunguko wa pili. Wa tatu. Nilianza kulia na kuhesabu kwa pamoja, nikapotea kwenye ishirini, nikaanza upya.

Katika mzunguko wa tano alikoroma. Nilidhani ni hewa yangu inatoka. Akakoroma tena, kifua kikapanda chenyewe, akakohoa, na mkono wake ukanishika kwenye kifundo cha mkono kwa nguvu za ajabu.

Nilimpigia mume wangu. Simu ilikuwa ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na betri za akiba, na hiyo ndiyo bahati yetu. Hakuniuliza kwa nini. Sauti yake ilikuwa ile ya kazini.

"Anapumua?"

"Anapumua."

"Miguu inatikisika?"

Nilimuuliza. Hakuweza kuitikisa. Hakuisikia kabisa.

"Hiyo hutokea, mara nyingi hurudi. Mtoe karibu na mti. Mfunike. Usimwache alale. Napigia majirani, tunakuja."

Kumvuta ilinichukua muda mrefu. Nilimshika chini ya makwapa, nikarudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, mpaka mahali mwamba unaposhuka na kuacha pengo lenye upepo mdogo. Nilikuwa na shuka moja ya Kimasai ya kufunikia kamera. Mwili wake ulikuwa ukitetemeka mpaka meno yanagongana. Hapakuwa na njia nyingine. Niliketi, nikamvuta mgongo wake ukaegemea kifua changu, nikatuzungushia shuka sote wawili, nikamkumbatia.

Alikuwa na fahamu. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nilihisi mwili wake wote ukijikaza kujiondoa, na hauwezi.

"Tata, nisamehe," nilimwambia.

Mvua ilipungua, ikaongezeka. Kisha akasema, polepole, ulimi mzito:

"Shika vizuri. Nateleza."

Nikamshika vizuri. Nilimlazimisha aniambie habari za wimbi, za nguruwe, za ndugu zake, chochote, ili asilale. Alisimulia nusu kwa Kikisii, nusu kwa Kiswahili, na mengine sikuyaelewa. Ilipita saa moja na nusu kabla sijaona tochi zikipanda. Mume wangu alikuwa mbele, anakimbia, na wanaume sita nyuma yake. Wawili walikuwa wale tuliokutana nao njiani. Walitumulika. Walimweka kwenye blanketi wakambeba, na nilipojaribu kusimama nikagundua kwamba miguu yangu pia imelala, kwa kukaa tu.

Miguu yake ilirudi kesho yake jioni. Sikio la kushoto halikurudi. Daktari alisema mbavu mbili zimevunjika, akamwambia mume wangu kwamba zimevunjwa na mtu aliyefanya kazi yake sawasawa. Kamera ilikufa, lakini kadi ilipona. Zimo picha mia tatu na zaidi. Nimeziunganisha mara moja, sekunde kumi na tatu, nikazifunga. Sijamwonyesha mtu.

Sokoni Ikonge walisema radi haipigi bure. Wengine walitaka kujua tulifuata nini kule juu. Mama mkwe aliyasikia yote. Wiki moja baada ya mzee kurudi nyumbani, nilimkuta jikoni akisonga ugali wa wimbi, akaniuliza bila kuinua kichwa:

"Ulimfungua shati?"

"Nilimfungua, mama."

"Na mdomo?"

"Na mdomo pia."

Aliugeuza ugali muda mrefu. "Alikuwa amekufa?"

"Alikuwa amekufa."

"Basi ulimshika maiti," alisema. "Maiti haina ensoni." Akaniambia nilete sahani. Tangu siku ile, mwanamke yeyote aliyekuja na maneno alijibiwa hivyo. Ile saa na nusu ya baadaye, ndani ya shuka, hakuniuliza, na mimi sikumwambia.

Lakini mzee mwenyewe alinikimbia. Kwa miezi miwili, nikiingia uani aliingia ndani. Watoto nikiwatuma kwake na uji, aliupokea akauliza baba yao yuko wapi. Nilijua ananilaumu, na niliona ana haki. Sikuweza kulala vizuri.

Jioni moja, mume wangu akiwa kazini, nilisikia mtu akikohoa nje ya mlango. Alikuwa yeye, amesimama umbali ule ule wa siku zote, ameegemea fimbo.

"Ulisema nusu saa," alianza.

"Ndiyo, tata. Ni kosa langu. Ni mimi niliyekuweka pale. Nisamehe."

Alikunja uso, akageuza kichwa. "Sisikii upande huu. Sogea."

Nikashuka ngazi. Nikasogea upande wake wa kulia, karibu kuliko mke wa mwana anavyopaswa, na nikarudia kwa sauti, neno kwa neno, huku jirani akipita njiani na debe lake la maji akisikia yote.

Alisikiliza mpaka nikamaliza. "Radi ya ziwa naijua tangu utoto," alisema. "Wewe hukuijua. Niliona haya kukufokea, nikakaa kwenye jiwe kama mgeni." Alipiga fimbo chini mara moja. "Siku nyingine nitafoka."

"Foka, tata."

Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia ng'ombe wa jirani ameingia kwenye migomba yetu, nikamtoe, akageuka kwenda kwake.